Idi Iliyorudishwa Kondoa

Jamani wenzangu wa Tanga, leo nimeadhirika. Sisemi ile aibu ya kujikwaa sokoni, watu wanageuka, wanacheka, wanaendelea na biashara zao. Nimeadhirika mji mzima pamoja na vitongoji vyake. Hivi ninavyoandika, ngoma bado zinalia huko mbali gizani kwa sababu yangu, na hakuna anayeweza kuzinyamazisha.

Someni barua hii hapo barazani kwa sauti, na asiwepo mtu wa kukatiza.

Mnanikumbuka nilivyokuwa darasani. Kila kitu nauliza kwa nini. (Mwalimu wetu Mjerumani alinichapa kwa kumwuliza dunia ilipimwa uzito kwa mizani gani. Viboko nilivipata, jibu sijalipata mpaka leo.) Serikali iliponileta huku Kondoa kufundisha shule ya boma, tabia nikaja nayo. Haikupita muda mji ukanipa jina: Mwalimu Kwanini.

Sasa, hapa kuna mzee anaitwa Maalim Hemedi. Ndiye imamu wa msikiti, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya saumu na Idi, na ndiye baba yake Mwanahawa. Mwanahawa mnamjua. Nimewaandikia habari zake mpaka mkaniomba niwaandikie habari za mvua.

Nilipopeleka posa kabla ya Ramadhani, Maalim aliniita nyumbani kwake, akanikaribisha mkekani, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, sina ubaya na wewe. Una adabu, unasali, hulewi. Lakini kila nikikuuliza jambo, jibu lako ni labda. Mvua ya mwaka huu itakuwa njema? Labda. Huyu ng'ombe ni mzima? Labda. Sasa binti yangu nimwoze kwa labda? Siku utakayoniletea jambo moja tu ambalo uko tayari kuliapia, siku hiyo tutazungumza."

Niliondoka pale nimenuna. Niapie jambo gani? Mimi hata jina langu huwa nalitilia shaka nikiamka ghafla.

Basi wakati huohuo boma likanadi vitu vya Mzungu mmoja mpimaji. Alikuwa akizunguka kupima milima, akapatwa na homa, akafia kambini. Waliomkuta wanasema alikuwa ameketi, darubini iko jichoni, ameielekeza mbinguni, naye ameshapoa. Viti vyake viligombewa. Sufuria zake ziligombewa. Darubini ilipotolewa, watu wakarudi nyuma. Nikainunua peke yangu, hakuna aliyepandisha bei.

Selemani, mpiga ngoma wa msikiti, alinifuata njiani. "Mwalimu Kwanini, jicho la yule bwana halijatoka humo ndani. Siku moja utachungulia, nalo litakuchungulia."

Nikacheka. (Siku ile nilicheka.)

Tangu hapo kila usiku niko nje na mwezi. Jamani, mwezi! Ndani ya ile darubini unajaa kioo kizima, mpaka inabidi uisogeze taratibu kutafuta ukingo wake. Una mashimo, una milima, una nyanda kavu kama huku kwetu. Nyota sikujishughulisha nazo. Nilijiambia nyota ni nukta tu, hata ukiivuta karibu itabaki nukta. (Hapo sikuuliza kwa nini. Hapo tu.)

Leo ni Ramadhani ishirini na tisa. Mwezi ukiandama jioni, kesho Idi. Usipoandama, tunakamilisha thelathini. Kwa hiyo baada ya alasiri wanaume tukapanda kwenye jiwe kubwa lililo juu ya mji, mahali wanapotazamia mwezi miaka yote.

Jiwe lile lina pango dogo upande wa nyuma, na ukutani mna watu waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vikubwa, hawana nyuso. Warangi, wenyeji wa huku, wanasema waliwakuta hapohapo, na hakuna anayejua aliyewachora. Watu hawapendi kuwapa mgongo. Lakini magharibi iko upande wa pili, kwa hiyo leo tuliwapa mgongo.

Nataka mwelewe hali ilivyokuwa. Huu ni msimu wa kuchoma mashamba kungojea mvua. Siku kadhaa sasa moshi umelala bondeni, hauendi popote. Jua lilishuka jekundu, la mviringo, halina miale, ukilitazama hupepesi macho. Upepo hakuna. Mbuzi waliokuwa wakipiga kelele mchana kutwa walinyamaza wote kwa pamoja. Na sisi, bila mtu kutuambia, tukajikuta tunanong'ona.

Jua likazama. Tukaadhini, tukafungua kwa maji, tukasali. Kisha kila mtu akatazama magharibi.

Hakuna kitu. Wekundu na moshi.

"Leo hauonekani," alisema Maalim Hemedi. "Tukamilishe thelathini."

Nikatoa darubini kwenye mfuko wake. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema audhubillahi.

"Mwalimu," alisema Selemani, "humo usimwoneshe mwezi yule marehemu. Ataudai."

Nikapitisha kioo juu ya mlima, taratibu, kushoto, kulia, juu kidogo. Wekundu. Wekundu. Wekundu. Halafu kikaja chenyewe.

Hilali. Nyembamba, nyeupe, pembe mbili zimeelekea juu, inatetemeka kwenye moshi kama kitu kilicho chini ya maji. Ukubwa wake ni uleule wa mwezi niliouona maisha yangu yote. Moyo ulinipasuka kwa furaha.

"Nimeuona! Mwezi umeandama!"

"Wapi?" aliuliza Maalim.

Nikanyosha kidole. Watu wote wakafuata kidole changu. Wakatazama. Nami nikatazama nao, na mahali nilipokuwa naonesha hapakuwa na kitu. Anga tupu. Wanaume wa mji mzima wamesimama kimya juu ya jiwe, wanakazia macho mahali patupu kwa sababu mimi nimesema pana kitu. Mwili ulinisisimka kidogo. Nikauambia mwili wangu ni moshi tu.

"Uko juu ya mlima kiasi gani?" aliuliza Maalim.

"Kama mikuki mitatu."

"Mikuki mitatu? Mwezi mchanga hukaa chini, karibu na jua lilipozama. Mbona huu uko juu hivyo?"

"Maalim, macho yenu yamezoea kuuona ukishachelewa. Kioo kinauwahi."

(Nilisema hivyo. Mimi. Kwa sauti. Hata sijui maana yake.)

Maalim akasema Idi haitangazwi kwa shahidi mmoja, lazima wawe wawili. Watu wakatazamana. Nani aweke jicho mahali lilipokufa jicho la mtu? Mwisho wakamsukuma Selemani, maana ndiye aliyekuwa anasema sana.

Selemani akapiga bismillahi mara nyingi. Akafumba jicho la kushoto. Akafumba na la kulia.

"Sioni kitu," alisema.

"Fumbua jicho, bwana!"

Akafumbua. Akachungulia. Midomo ikaanza kucheza. "Pembe," akasema polepole. "Naona pembe. Wallahi, pembe mbili!" Akanirudishia darubini upesi kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

Maalim akanigeukia. "Na wewe? Utaapa?"

Jamani, nilimwona Mwanahawa mbele yangu kama vile amesimama pale. Nikaapa. Kiapo kizima, mkono juu, sauti ya mtu mzima.

"Hakuna labda?"

"Hakuna, Maalim."

Yule mzee akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu tangu nihamie. "Kesho baada ya sala ya Idi, wazee wako waje nyumbani."

(Wazee wenyewe huku sina. Nilikuwa nimeshaamua kumwazima mkalimani wa boma awe mjomba wangu.)

Selemani akashuka mbio kama si yeye aliyekuwa anatetemeka. Muda si muda goma la Idi likaanza kulia msikitini. Vigelegele vikajibu. Kisha ngoma ya kitongoji cha pili ikapokea, na ya tatu, na nyingine nyuma ya vilima, kila moja ikiipasha ya mbele yake habari. Takbira zikapanda kutoka mjini. Watu wote wakateremka kwenda kuchinja na kupika. Nikabaki peke yangu juu ya jiwe, bwana harusi mtarajiwa, nikasema wacha niuage mwezi wangu.

Nikachungulia. Upo. Mzuri. Giza lilikuwa limeanza kuingia na moshi umepungua, kwa hiyo ukazidi kung'aa.

Nikaondoa jicho kwenye kioo niuone kwa macho yangu.

Haupo.

Palikuwa na nyota. Nyota moja kubwa, nyeupe, imetulia peke yake mahali palepale.

Nikarudisha jicho. Mwezi. Nikaliondoa. Nyota. Nikarudisha. Mwezi, pembe mbili, unatetemeka. Sasa kitu hicho kikaanza kuonekana vingine. Kikawa kama jicho. Jicho lililofumbwa nusu, ambalo linaangalia upande huu.

Ndugu zangu, nimesoma. Najua jiografia, najua hesabu, najua homa haikai ndani ya kioo. Lakini giza lilikuwa linaingia, nyuma yangu kuna watu warefu wasio na nyuso, mkononi nimeshika kitu cha maiti, na mbele yangu nyota inageuka mwezi kila nikichungulia. Nikasoma kila sura ninayoijua, na mbili nisizozijua vizuri.

Kilichoniokoa ni ile tabia yangu mbovu. Katikati ya kusoma, swali likaja: mbona mdogo hivyo? Mwezi katika darubini hii hujaa kioo kizima. Huu ni mdogo kama ninavyouona mwezi kwa macho matupu. Basi kama ndani ya kioo uko hivi, bila kioo ungekuwaje? Ungekuwa nukta. Ungekuwa nyota.

Ile ni Zuhura. Nyota ya jioni. Inazunguka jua, inaangazwa ubavuni, inapungua na kujaa kama mwezi, ila ni mbali mno kwa macho yetu. Nilikaa chini juu ya jiwe. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kondoa, maana hilo sikufundishwa na mtu, nimeliona mwenyewe.

Kisha nikasikia ngoma.

Sitawaficha. Niliwaza kunyamaza. Nani angejua? Kesho ingekuwa Idi, posa ingepokelewa, na mwezi halisi ungejitokeza jioni kama kawaida. Lakini kesho bado ni Ramadhani, na kila atakayekula mchana atakuwa amekula kwa kiapo changu. Mwanahawa naye atakula. Nikakunja darubini, nikateremka.

Uani kwa Maalim moto ulikuwa unawaka. Mbuzi ameshachunwa. Bi Tatu, mke wa Maalim, ameshika mwiko, amejifunga kanga kiunoni, wanawake wamemzunguka. Wanaume wako kwenye mikeka. Nilipoingia wanawake wakanipigia vigelegele.

"Shahidi wetu huyo!"

"Shikamoo, Maalim," nikasema. "Ule mwezi si mwezi."

Mwiko wa Bi Tatu ukasimama.

"Si mwezi, ni nini?" aliuliza Maalim.

"Ni nyota."

"Umeniapia una pembe."

"Pembe inazo. Ni nyota yenye pembe."

Laiti ningeanza kwa maneno mengine! Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Mwingine akafunika sufuria, sijui kwa nini. Wanaume wakasimama. Nyota ilikuwa pale juu ya paa, kila mtu anaiona, na sasa hakuna aliyetaka kuiona.

"Msiogope!" nikasema. "Ina pembe kwa sababu jua linaiangaza upande mmoja."

"Kwa nini?" aliuliza mtu.

"Kwa sababu inalizunguka jua."

"Kwa nini?"

"Na kwa nini hatujaziona pembe hizo tangu tuzaliwe?"

"Na kwa nini zimetokea leo, kwenye kioo cha maiti?"

Kila niliyemgeukia alikuwa na kwa nini yake. Wallahi nilimhurumia mwalimu wetu wa Tanga.

"Selemani!" nikaita. "Wewe uliona! Waambie!"

Selemani alikuwa amejibanza nyuma ya ngoma yake. "Mimi nilisema nimeona pembe," alijibu. "Sikusema za nani."

Hapo, kutoka mlango wa jikoni, ikaja sauti ninayoijua kuliko zote. Mwanahawa. "Mwalimu, na huyu mbuzi tuliyemchinja, tumwambie na yeye alikuwa nyota?"

Uani kote kukapasuka kicheko. Wale waliokuwa wanatetemeka ndio waliocheka zaidi. Nikatamani ardhi ifunguke, lakini ardhi ya huku wakati wa kiangazi ni ngumu.

Maalim peke yake hakucheka. Akanyosha mkono. "Nipe."

Nikamshikia darubini begani kwangu, nikamwelekezea. Nyota ilikuwa imeshuka karibu na mlima, imeanza kuwa nyekundu kwa moshi. Akachungulia. Akaondoa jicho, akaitazama nyota. Akarudisha. Akaondoa. Aliporudisha tena jicho, nikajua anaona nilichokiona kule juu peke yangu: hicho kitu chenye pembe, sasa chekundu, kinateremka taratibu nyuma ya miti, hakina haraka, kinatutazama. Alibaki hivyo mpaka kikazama.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akajikohoza, akawa imamu tena. "Hakuna mwezi. Kesho tunafunga. Selemani, piga ngoma uwaambie watu."

"Nipige nini, Maalim?"

"Piga kwamba Idi imerudishwa."

"Maalim, upo mdundo wa Idi, wa msiba, wa hatari na wa harusi. Wa kurudisha Idi haupo. Nikigonga tena, watasema Idi imezidi utamu."

Wote wakanigeukia mimi.

Ndiyo, jamani. Nilitembea. Nyumba hadi nyumba, mlango hadi mlango, mimi mwalimu wa serikali mwenye suruali, nikipiga kelele gizani: "Kesho tunafunga! Kesho tunafunga!"

"Nani kasema?" walikuwa wakiuliza ndani.

"Mimi."

"Na aliyesema Idi ni nani?"

"Mimi."

"Sasa tukuamini wewe yupi?"

Nyumba moja bibi kizee alifungua mlango, mdomo umejaa nyama, akanitazama huku akitafuna, akafunga. Nyumba nyingine walinishukuru kwa nyama ya daku, wakaniombea nikosee na mwakani. Kambini kwa askari walinifanya nirudie mara tatu, wakaita na wenzao waje wasikie.

Vitongoji vya karibu Maalim ametuma watu. Lakini ngoma zimeshapita huko. Nilipofika nyumba ya mwisho ya mji nilisimama nikasikiliza. Zilikuwa zinalia kaskazini, ndogo, za mbali, na nyuma yake nyingine ndogo zaidi, zikipelekeana gizani mwezi ambao haukuwepo. Kila nikidhani imenyamaza ya mwisho, inajibu nyingine. Sikuwahi kusikia kitu cha kutisha kama hicho, na ni mimi niliyekianzisha.

Nilirudi kwa Maalim kuaga. Nilimkuta peke yake kwenye mkeka, darubini iko mapajani mwake. Nikamwambia naondoa posa yangu ili nisimpe tabu ya kuikataa.

"Kaa," alisema. "Ungeweza kunyamaza?"

"Ningeweza."

"Uliwaza kunyamaza?"

"Niliwaza, Maalim."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilitaka mtu wa yakini. Leo nimeiona yakini yako, na mbuzi wangu ameiona. Usiape tena mbele yangu. Rudi kwenye maswali yako, hayakuwahi kumchinjia mtu mbuzi wake." Akaichukua darubini, akaigeuza geuza. "Wazee wako waje Idi pili. Hii itabaki hapa kwanza. Kuna nyota nyingine inatoka mashariki, ile kubwa. Nataka nijue nayo ina nini."

"Huogopi jicho la marehemu?"

"Naogopa sana," alisema, akaiweka jichoni.

Basi habari ndiyo hiyo. Mchumba nimepata, darubini nimepoteza, na mkalimani wa boma anakataa kuwa mjomba wangu, anasema ana heshima yake. Naomba msicheke. Cha kuchekesha kipo, nakijua, ila ngojeni kwanza Idi ifike.